Hadithi za machotara wa vita, msituulie mama zao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Mie ni msomaji wa siku nyingi wa hadithi za mfululizo magazetini, hasa zile za enzi za Mjerumani na Mwingereza, na ninawaomba waandishi wenu watuandikie kuhusu watoto machotara walioachwa yatima baada ya vita. Ila nasema mapema, mama zao wasife sura ya kwanza.

Maana ndo ilivyozoeleka. Mwandishi akitaka tumwonee mtoto huruma anamuua mama kwa homa, baba mzungu anakuwa shujaa kafia vitani, halafu anatokea mfadhili anamchukua mtoto na hadithi imekwisha. Haikuwa hivo jamani! Wengi walioitwa yatima mama zao walikuwa hai kabisa.

Chukueni Uingereza. Kwenye Vita Kuu ya Pili wanajeshi weusi wa Marekani walizaa kule na wanawake wa Kiingereza watoto kama 2,000 hivi, na mwanajeshi alikuwa haoi bila ruhusa ya kamanda wake, mweusi akiomba kumuoa mzungu ananyimwa, basi mama anabaki peke yake na mimba, pengine ni mke wa mtu na mume yuko vitani, akirudi anasema mtoto huyu simtaki humu ndani, ndo anapelekwa kituo cha kulea watoto. Kule Somerset kulikuwa na jumba la Holnicote House walilelewa humo, na mama yupo hai anajua mwanae yuko wapi. Sasa niambieni, hapo nani kafa? Ujerumani nako watoto wa wanajeshi weusi wa Kimarekani walifika kama 5,000. Japani mama mmoja, Sawada Miki, alifungua kituo Oiso mwaka 1948 kwa ajili ya machotara waliotelekezwa, na Korea baada ya vita ya 1950 mpaka 1953 ukoo ulihesabiwa kwa baba, mtoto asiye na baba Mkorea akawa kama hana kwao, wengi wakapelekwa Marekani kuasiliwa.

Hapa kwetu je? Kwenye Vita Kuu ya Kwanza Mwingereza aliingia Dar es Salaam Septemba 1916, kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akasalimu amri Abercorn (siku hizi Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, na baada ya hapo Wajerumani wakarudishwa kwao, walowezi kwa maofisa. Walikuwemo waliozaa na wanawake wa hapa. Baba anapanda meli bandarini, mama na mtoto wanabaki, na mji wenyewe una njaa na ile homa kubwa ya mafua ya 1918. Hadithi si hiyo hapo?

Na mwandishi asikimbilie kwenye meli na bunduki, akae na mambo ya nyumbani. Kwetu jina la pili la mtoto ni la baba, sasa huyu ataitwa nani siku ya kwanza chuoni kusoma Kurani, mwalimu akimuuliza mwana wa nani? Nadhani babu mzaa mama ndo atampa jina lake, halafu wajomba watanung'unika kwenye mambo ya urithi, na akifika kuolewa watu watauliza upande wa kuumeni uko wapi. Bibi ndo atakuwa anamsuka zile nywele na kugombana na majirani wanaomwita mtoto wa Mjerumani. Hapo ndo machozi yetu yatatoka wenyewe bila kumuua mtu. Na huyo mama aongee, tena aongee sana, aseme alimpenda yule mwanaume au alilazimishwa, maana yote mawili yalitokea na mwandishi anayelifumba hilo anatudanganya.

Pale Posta ile sanamu ya Askari imesimama tangu 1927, maandishi yake yanawakumbuka askari na wapagazi, na ni haki yao. Mama hawa na watoto wao hawana hata ubao, kwa hiyo gazeti ndo lingewapa nafasi.

Nashauri ianze Jumapili, nusu ukurasa tu yatosha, na mwandishi kabla hajashika kalamu apite Kariakoo, Gerezani na Ilala aongee na wazee, hasa wanawake, awaulize waliyosimuliwa na bibi zao. Afanye haraka maana wanaondoka.

Msomaji wenu,
Mama wa Tabata, Dar es Salaam