Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi na Nyumba, Kaunti ya Mombasa: na sisi wa nyumba bila ardhi?

Mheshimiwa Waziri, salaam aleikum.

Nimeona nikuandikie hapa wazi manake barua za ofisini zikishapigwa muhuri ndo basi. Sikuulizi zile ghorofa za bei nafuu ziko ngapi na zitaisha lini, hizo mwatangaza wenyewe. Mimi nataka tuongee kuhusu nyumba bila ardhi, ambazo nusu ya watu ninaowajua wamezaliwa ndani yake na kwenye mikutano yenu siisikii ikitajwa ila wakati wa kura.

Wewe wajua, lakini kuna watu wa bara pia wanasoma hapa so nieleze kidogo. Hapa Mombasa mtu anaweza kuwa na nyumba na asiwe na ardhi. Ardhi ni ya mwenye shamba, saa nyingine familia ya zamani, saa nyingine wakfu, saa nyingine mtu hujawahi hata kumuona uso, anatuma tu msimamizi kuja kuchukua kodi ya ardhi. Wewe unajenga, unakaa, unazaa, unapangisha, ukitaka unauza, lakini unachouza ni kuta na mabati, chini si chako. Mambo haya ni ya zamani, kuna ule ukanda wa pwani wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, kisha Mwingereza akaja na sheria yake ya hati za ardhi 1908, aliyejua kwenda kudai akapata hati, ambayo haikudaiwa ikaandikwa ya serikali, na watu wakabaki kulipia pahali walipozikwa babu zao.

Sasa hizo nyumba zenyewe. Ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, nyuma uani kuna jiko na choo na bafu, mbele baraza. Mwenye nyumba anakaa viwili, vinne anapangisha. Hivo vyumba ndo vinaulaza huu mji mheshimiwa, mwenye tuktuk, mama wa viazi karai, kijana anayetandika vitanda hoteli ya Nyali na Nyali kwenyewe hawezi kulala. Chumba kwetu Kisauni unapata elfu tatu, nne, kikiwa kizuri na stima ni tano. Bedsita ya ghorofani mtaa huohuo ni mara mbili ya hapo na kupanda, na juu yake dipoziti, maji, taka, askari wa geti. Ukivuka kwenda Nyali kuulizia ya kununua, ajenti anaanzia mamilioni anapanda, na nyingi ya hizo ni za Airbnb, Desemba zimejaa watu wa Nairobi, mwezi wa tano mapazia yamefungwa na mbu ndo wenyewe.

Halafu mtu anapita Majengo anaona udongo na mabati yenye kutu anasema hawa watu wavivu, mbona hawajengi. Kwani watajengaje? Mwenye shamba hataki jengo la kudumu. Shangazi yangu alitoa udongo ukuta wa jikoni uliokuwa umekula maji ya mvua akaanza kupanga matofali, hakuwa amefika hata kiunoni, msimamizi huyo kafika jioni, mama hii ni ya kudumu, toa. Akatoa. Na benki usiende, neno la kwanza ni taito iko wapi.

Kisha ardhi ikauzwa. Hakuna aliyemwambia, alijua siku alipomkuta sovea uani anapiga bikoni za mpaka karibu na kamba ya nguo. Risiti za kodi ya ardhi alikuwa nazo zote kwenye mkebe wa biskuti, za miaka na miaka, akampelekea mwenye ardhi mpya akaambiwa hizo ni za yule wa zamani, mimi sikujui. Fidia aliyopewa ilikuwa ya mabati na boriti, ile kodi ya vyumba vinne iliyokuwa ikimlisha hakuna aliyeihesabu. Saa hii pale pana ghorofa, ukuta umeshikana na wa jirani, na lori la kunyonya choo linaziba njia kila mara kwa sababu mabomba ya maji taka huko kwetu hayajafika na shimo lililokuwa la vyumba sita sasa ni la watu wa orofa tano. Hilo nalo ungelitazama, lakini si leo.

Sipingi ghorofa. Kisiwa hakiongezeki na watu wanazidi. Ila angalia, wapangaji wa zile nyumba za kaunti za Buxton walipotolewa 2021 angalau walikuwa kwenye daftari la kaunti, walikuwa na wa kumuuliza, walizungumziwa pesa za kuhama, wengine walifika hadi kortini. Shangazi yangu daftari lake ni mkebe wa biskuti. Na hii sheria ya nyumba za bei nafuu ya 2024 yenyewe inasema mwenye kipato chini ya elfu 20 kwa mwezi awekewe nyumba za kijamii, sawa, lakini yeye alikuwa na nyumba tayari, tena imelaza familia nne zingine bila ile tozo ya nyumba ya asilimia moja na nusu ya mshahara wa mtu yeyote!

Msiseme haiwezekani. Shamba la Waitiki kule Likoni, ekari 930, serikali ilinunua na 2016 watu wakapewa hati. Iliwezekana.

Najua hati hazitoki kwako, ziko kwa serikali kuu. Lakini ramani ya jengo lolote hapa Mombasa inapitia kwenu. Basi kwenye fomu ya kuomba ramani ipitishwe ongeza swali, juu ya hii ploti kuna nyumba ya mtu mwingine, na amekubali kwa maandishi, mbele ya mzee wa mtaa? Kama hakuna sahihi, ramani isipite. Na mfungue daftari, mtu aje na risiti zake aandikwe, ili siku ardhi ikiuzwa aulizwe yeye kwanza kama ataweza kununua, hata kwa kulipa kidogo kidogo, kabla ya kuuziwa mtu wa mbali.

Hilo la fomu sidhani lahitaji bajeti. Na kabla hujalifanya, nijibu hili moja tu hapahapa wazi, maombi ya ghorofa yaliyoko mezani kwako wiki hii, mangapi yako juu ya nyumba ambayo mwenyewe bado anakaa ndani na hajaambiwa?

Ni mimi,
Mkaazi wa Kisauni