Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: hali ya miguu ya mama iandikwe kabla ya kisu

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kwa heshima. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji hapa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na nakuandikia kwa ajili ya akina mama wanaoshonwa fistula, yaani tundu kati ya uke na kibofu cha mkojo au utumbo, linalobaki baada ya mtoto kukwama wakati wa kujifungua.

Mama hulazwa chali, makalio ukingoni mwa kitanda, miguu ikapandishwa kwenye vishikio na kutanuliwa. Bila mlalo huo daktari haoni pa kushona. Lakini ameshachomwa ganzi ya mgongoni. Chuma kikimbana chini ya goti, upande wa nje, hasikii lolote, na hapo ndipo mshipa wa fahamu unapopita juu ya mfupa, karibu kabisa na ngozi. Ukibanwa muda mrefu, unyayo hauinuki tena. Mama hutembea akiburuta vidole. Mapaja yakikunjwa kupita kiasi, mshipa wa fahamu wa kinenani nao huumia, na goti hukosa nguvu. Upasuaji ukichukua zaidi ya muda wa saa nne, misuli ya mguu inaweza kukosa damu na kuvimba kwa ndani, hata mguu ukapotea.

Linaloniuma zaidi ni hili. Baadhi ya akina mama hawa hufika na mguu dhaifu tayari, kwa sababu kichwa cha mtoto kilichokwama kiligandamiza mishipa ya fahamu nyongani. Asipotembezwa na hali ya miguu yake kuandikwa kabla ya upasuaji, baadaye nani atajua udhaifu ulitoka wapi? Nimeona mafaili yasiyo na neno hata moja juu ya miguu. Mama akilalamika, huambiwa alikuja hivyo hivyo.

Kinga haina gharama kubwa: blanketi lililokunjwa chini ya goti, na watu wawili wa kupandisha miguu yote kwa pamoja. Kuiteremsha ni polepole, mtu wa ganzi akitazama presha, maana damu ikirudi miguuni presha hushuka. Vidole vya mikono navyo vitazamwe visibanwe kwenye maungio ya kitanda.

Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 2008, ina vipengele 19, na hakuna hata kimoja kinachouliza mgonjwa amelazwaje. Shirika lenyewe linahimiza kila nchi iongeze yanayoifaa. Naomba Wizara iongeze mistari miwili: miguu ilipimwa kabla, na miguu imewekewa kinga. Itumike kuanzia vituo vya afya vya ngazi ya nne hadi Mulago, hospitali kuu ya rufaa ya taifa, na kwenye kambi zote za upasuaji wa fistula.

Wako mtiifu,
Muuguzi wa chumba cha upasuaji, West Nile