Mchoro unang'aa kwenye tableti, ukiprintiwa unafifia? Soma hii kabla hujaleta faili

Wiki hii peke yake wamekuja watu watatu hapa dukani na shida ile ile, mlango wa nakshi kwenye tableti unapendeza kabisa, ukishaprintiwa kwenye kanvasi unakuwa ubao wa kahawia tu, maua hayaonekani, misumari haionekani. Na hawa ni vijana wanaouzia wageni hapa Lamu, picha ikififia hairudishi hata pesa ya fremu. Inatuuma, kwa hiyo naeleza tunavyofanya.

Skrini ina mwanga wake, kanvasi inangoja mwanga wa dirishani, ndio maana rangi mbili zilizokaribiana zikifika huko zinashikana. Hapo ndipo filta ya kingo inasaidia. Inapita kila pikseli, yaani kila nukta ndogo ya picha, inailinganisha na jirani zake, ikikuta mwanga umebadilika ghafla inaweka mstari, pasipobadilika inaacha. Haijui kama huu ni mlango ama huyu ni punda.

Sisi tunakopi leya ya mchoro, yaani tabaka lake, ile kopi tunaitoa rangi ibaki kijivu, tunaitia ukungu kidogo filta isije ikashika kila chembe ya brashi, halafu ndio tunaipitisha filta. Kwenye programu ya Photoshop imeandikwa Find Edges na inakupa mistari myeusi juu ya weupe. GIMP ni ya bure lakini yake inatoka kinyume, mistari ya mwanga juu ya giza, so inabidi uigeuze kwanza. Kisha hiyo leya ya mistari unaiweka juu ya mchoro kwa mtindo wa kuchanganya uitwao Multiply, weupe wote unapotea, inabaki mistari juu ya rangi zako, na opasiti, yaani ukolezo wa leya, tunashusha mpaka asilimia 20 hadi 40 hivi. Usiiache 100 tafadhali, mchoro uliohangaika nao mwezi mzima unageuka kitabu cha watoto cha kupaka rangi. Na mistari mimi siipendi nyeusi tii, naipa kahawia iliyokolea, inakaa vizuri zaidi na mbao na kuta za matumbawe.

Lakini jamani filta haichori kisichokuwepo. Tanga jeupe la jahazi juu ya anga la saa saba mchana, pale hakuna tofauti ya mwanga, kwa hiyo hakuna mstari, omo na tezi zitatoka safi halafu tanga linayeyuka. Mama mwenye buibui kwenye kichochoro chenye kivuli, vile vile. Hapo unachukua kalamu unachora mwenyewe kwa mkono, hakuna njia ya mkato. Makuti nayo ni kinyume chake, kila jani ni mstari, paa zima linakuwa fujo, tunalifunika kwa maski, yaani kifuniko cha kuficha mistari sehemu hiyo. Uso wa mtu pia tunaufunika kila mara! Kuna kijana alituletea picha ya bibi yake, filta ikamzungushia mistari puani na machoni mpaka hakumtambua, tukaifuta usoni tukaiacha kwenye leso na kiti tu, na ile picha ikatoka nzuri mno.

Unene wa mstari nao watu wanausahau. Kwa A3 tunataka pikseli 3508 kwa 4961, yaani nukta 300 kwa inchi, na kwa kipimo hicho mstari wa pikseli moja haufiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita, kwenye kanvasi huuoni. Tunaunenepesha ufike pikseli nne au tano.

Na faili msitutumie kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, nawaomba sana. Inabanwa, na JPEG (aina ya faili la picha) iliyobanwa imekatwa vipande vipande vya pikseli 8 kwa 8, jicho lako halivioni lakini filta inaviona na inavichorea mistari yote, anga lako linatoka kama wavu wa samaki. Leta kwenye flashi ama tuma kama dokumenti, na kama leya zako bado hujaziunganisha ndio bora zaidi maana tunaweza kupitisha filta kwenye mlango peke yake bila kugusa anga.

Kabla ya kuprinti kubwa tunakutolea kipande kidogo cha majaribio, hicho hatulipishi, ukitoe nje ukiangalie juani, ukiona mistari imezidi ama imepungua turudi kwenye kompyuta tukae pamoja. Ila wakati wa Maulidi kazi zinajaa, njoo mapema.