Barua kwa mwanangu kabla hujalichukua gari lako

Lubumbashi, Katuba

Mwanangu mpendwa,

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize: nikitaja tu neno usiku, unacheka na kuomba uongee na mama yako. Gari lako limefika Jumatatu. Mpaka utakapokuja kulichukua mimi ndiye mlinzi wake, na kwa kuwa uliliandikisha kwa jina langu bila kuniuliza, mimi ndiye mwenye gari pia. Basi vumilia maneno ya mwenye gari.

Kwanza, halipiti langoni. Hilux ya jirani huingia bila shida, lakini hii F-150, pikapu yako ya Ford, ina upana wa mita 2 hata kabla hujahesabu vioo, na vioo vikiwa wazi inakaribia mita 2 na nusu. Nilivikunja, mdogo wako akasimama mbele akinielekeza kwa mikono yote miwili, na bado tuliikwaruza nguzo ya kushoto. Mwashi atakuja Alhamisi kuibomoa. Saruji utailipia wewe.

Siku ya pili lilinitia aibu. Nilisimama kwenye taa pale mjini, injini ikazimika yenyewe, nami, niliyekula mkate wa karakana maisha yangu yote, nikashuka na kufungua boneti huku madereva wa teksi wakinipigia honi. Kijana mmoja muuza vocha ndiye aliyenieleza kwamba gari hili huzima injini likisimama ili kupunguza matumizi ya petroli, na kwamba huiwasha tena ukiachia breki. Ipo swichi ya kuizuia tabia hiyo, lakini kila ukiliwasha gari upya lazima uibonyeze tena.

Hofu yangu ilianza kwenye barabara ya Kasapa. Niliona 60 kwenye kioo cha mwendo nikajisemea kwamba ninakwenda kizee. Kumbe gari hili limetengenezwa kwa ajili ya Wamarekani na lilikuwa likihesabu maili, na 60 ile ni karibu kilomita 97 kwa saa. Ndani hakuna kelele wala mtikisiko unaokuonya. Pikapu zetu za zamani zilikuwa zinalia kabla mwendo haujakuwa hatari, lakini hili hukubeba kama mtoto mgongoni, nawe husikii kwamba kila sekunde unameza mita 27 za barabara. Mwambie mtu akubadilishie vipimo viwe kilomita kabla hujatoka mjini, kisha usisafiri nalo usiku.

Umesema utaondoka Jumapili baada ya chakula. Ukiondoka saa tisa alasiri, giza litakukuta karibu na Fungurume, na kutoka hapo mpaka Kolwezi uendako utapishana na malori ya shaba yanayoshuka kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Lori likiharibika huachwa palepale lilipokufa, bila taa, na onyo lake ni matawi ya miti yaliyotandazwa juu ya lami. Matawi hayo huyaoni usiku. Ninayasema haya nikijua, kwa maana kovu lililoko kwenye paji langu la uso, ambalo niliwaambia nyote kwamba ni la kiwandani, halikutoka kiwandani. Mama yako anajua.

Lina sifa zake, nisiwe mchoyo. Usukani uko kushoto, na huku kwetu tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo unapotaka kulipita lori unaona mbele bila kuutoa ubavu mzima wa gari, tofauti na haya ya Japani yaliyojaa mjini kwetu. Nimelipakia mifuko 20 ya unga ya kilo 25 kwa ajili ya duka la shangazi yako, na halikulalamika. Lakini nilipobandika sumaku mlangoni, ilianguka. Bodi yake ni ya alumini, kama za F-150 zote tangu zile za mwaka 2015. Fremu ya chini ndiyo ya chuma. Sisi tuliokulia chini ya bomba la moshi wa shaba tunajua metali: alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, nayo haigeuki nyekundu kwanza kama chuma. Fundi wa bodi wa hapa mtaani akiielekezea moto wake wa kawaida, atasubiri rangi ile ya kuiva na badala yake atapata tundu. Ukigongwa, usimkabidhi yeyote kwa haraka. Na ukisafiri mchana, hutagongwa kirahisi.

Kaka yako ananiuliza kwa nini nilimfundisha yeye kuendesha, naye hana hata baiskeli, na wewe nikakuambia usukani si wa msichana. Nimemjibu kwamba wakati ule petroli ilikuwa adimu. Nilikuona ukilirudisha nyuma lile basi dogo la parokia, mwaka jana, kwenye uchochoro ule mwembamba, wala hukugusa ukuta. Sikusema kitu siku ile.

Mama yako anataka sufuria yake kubwa uliyoondoka nayo Pasaka. Pia amenunua vinkubala vikavu, wale viwavi wa kuliwa, vya kukupa, na ametandika kitanda chako kwa usiku wa Jumapili. Omba ruhusa kazini, ufike Jumatatu adhuhuri. Nitakuamsha saa kumi na moja, chai itakuwa tayari, na kukipambazuka nitakufungulia lango ambalo wakati huo litakuwa na nguzo moja.

Baba yako