Mgeni wako haogopi

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Skripti yako ya filamu ya kutisha nimeipata na nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza kitandani, kwa mkupuo mmoja. Mara ya pili mezani, kalamu mkononi, maana nakujua: nikikujibu "nzuri sana" halafu basi, utaninunia mwezi mzima. Nisamehe kwa kuchelewa. Sikutaka kukutumia sauti ya dakika mbili kwenye simu. Nina neno moja kubwa la kukuambia, na nilihofu nikilisema kwa mdomo nitaanza kulizungushazungusha.

Kabla ya hilo, niseme kilichonikamata. Kile kituo cha kupimia hali ya hewa kilichosahaulika juu mlimani kinapita nyumba zote za msituni tulizozoea kuziona kwenye filamu za aina hii, kwa kuwa kina sababu ya kuwapo. Kuna mtu aliyeajiriwa kukaa pale. Kuna daftari linalotakiwa kujazwa kila baada ya saa tatu, hata kama dunia inazama. Hilo daftari usiliguse, liache lilivyo! Daraja limechukuliwa na maji, ndani mna watu wawili ambao Mlinzi hawajui, na saa tisa usiku inapofika anavaa koti na kutoka na kurunzi kwenda kusoma kipimajoto. Nilipofika hapo niliinuka nikaenda kuhakikisha mlango wangu umefungwa. Na umefanya vyema kutowapa majina. Mlinzi, Mgeni wa Kwanza, Mgeni wa Pili, yatosha.

Sasa neno lenyewe. Mgeni wa Kwanza haogopi.

Nimemfuata kurasa zote 82. Anabisha, anaingia, anavua koti, anakitazama chumba, anatabasamu. Lile tabasamu umeliandika mara sita, nimehesabu. Anajua jambo, na sisi tunajua kwamba anajua. Anayetetemeka ni Mlinzi peke yake. Kwa hiyo tukifika ukurasa wa 10 tumeshapewa mbaya wetu mkononi, na kazi iliyobaki ni kusubiri ataanza saa ngapi. Lakini hebu mfikirie huyo mtu. Ametembea gizani kwenye mvua, gari lake liko ng'ambo ya mto, ameona taa moja tu mlima mzima. Anabisha. Mlango unafunguliwa na mtu ambaye mkono wake mmoja hauonekani. Ungekuwa wewe?

Nikukumbushe usiku ule gari lilipotufia tukirudi kutoka kurekodi, tukalala kwenye kibanda kilichoachwa na mafundi wa barabara. Wewe hadithi hiyo huwa unaisimulia kwa kicheko: yule mwanamume aliyeingia katikati ya usiku bila kusema neno, akajilaza pembeni, na alfajiri hayupo. Kuna sehemu yake sijawahi kukuambia. Wewe uliondoka mapema kwenda kutafuta fundi, nikabaki nikikusanya vifaa. Pale alipolala, usawa wa kichwa chake, palikuwa na jiwe la kujaa kiganja. Halikuwa la mle ndani, sakafu ilikuwa ya saruji tupu. Alikuwa ameliokota nje, akaingia nalo, akalala nalo. Mimi nami usiku kucha nilikuwa nimeshika bisibisi chini ya koti, nikisikiliza anavyopumua, nikijiambia akigeuka tu namwahi. Yaani tulikuwa watu wawili tumelala macho, kila mmoja akimlinda mwenzake asimuue, na katikati yetu wewe unakoroma.

Nilikuficha kwa aibu. Na sasa nakwambia kwa sababu jiwe lile ndilo linalokosekana kwenye skripti yako.

Kama unataka mfano wa watu walioonyesha hofu ya pande zote kwa fedha kidogo, mtazame tena Ida Lupino, *The Hitch-Hiker*, 1953. Dakika 71, gari moja, jangwa, wanaume watatu. Marafiki wawili wako safarini kwenda kuvua samaki, wanampa lifti mtu, naye ni muuaji. Jicho lake moja lina kasoro, halifungiki. Wakipiga kambi usiku, wale wawili hawawezi kujua amelala au anawatazama. Watu wengi hulisifu jicho lile kama kitisho. Mimi safari hii nimeliona kwa upande wa pili. Huyo mwenye bastola ndiye asiyeweza kufumba macho mbele ya watu. Yeye yuko mmoja, wao wako wawili, na wao wanapendana. Kila wakitazamana, anadhani wamekubaliana jambo. Hofu yake ndiyo inayomfanya awe hatari.

Au yule mzee mkorofi kwenye *Night of the Living Dead* ya George Romero, 1968. Wafu wamezunguka nyumba ya shambani, lakini kinachokukaba koo ni ugomvi wa wageni waliokutana humo: tukae juu tuzibe madirisha, au tujifungie chumba cha chini ya ardhi? Yeye anang'ang'ania chini, kwa ukali na dharau, unamchukia. Ila mtoto wake mgonjwa amelazwa huko chini. Na tena, usiku unapoharibika kabisa, aliyekuwa akimpinga anaokolewa na chumba kilekile alichokuwa akikikataa. Yaani mtu wa hovyo alikuwa na hoja. Mgeni wako wa Kwanza hana hoja yoyote. Mpe moja. Mpe hata ya kijinga.

Ukishakubali kwamba wote wanaogopa, mambo mengine yatajipanga yenyewe. Chukua ule mlango. Kwenye ukurasa wa 3 umeandika, "Anafungua. Mgeni anaingia." Basi? Hodi ile ni ya kukaa dakika sita nzima! Mlinzi azime taa au aiache? Akiizima, aliye nje atajua mna mtu. Akiuliza "nani?", sauti yake itatoboa kwamba ni mwanamke, na kimya kinachofuata kitatoboa kwamba yuko peke yake. Aliye nje akitaja jina, jina linasaidia nini? Na yeye huko nje anasikia kitasa kinaguswa halafu kinaachwa, anasogea hatua moja nyuma, anatazama chini kuona kama kuna cha kuokota. Hayo yote hayagharimu kitu. Ni mlango, sauti mbili na mvua.

Halafu akishaingia, adabu ichukue zamu. Ukishamwambia mtu "karibu" na kumpa taulo, utamwambiaje atoke? Anaomba kukaa karibu na moto, utakataa? Anauliza, kama watu wanavyoulizana, "Unakaa hapa na nani?" Jibu lolote ni baya. Hofu ya wageni waliokwama pamoja naiona imejificha hapo kuliko kwenye visu: kila mmoja ameshanusa kuna tatizo, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukosa heshima.

Mgeni wa Pili unamleta ukurasa wa 48. Umechelewa mno, mlete kabla ya 30. Wawili wakiogopana, kila mmoja ana adui mmoja, hesabu ni rahisi. Wakiwa watatu, kila mmoja ana maadui wawili, na papo hapo mmoja wao anaweza kuwa mshirika, ila hujui yupi. Ukimwomba msaada asiye sahihi umekwisha. Nataka nione Mlinzi akimnong'oneza Mgeni wa Pili jikoni, na kamera isiondoke kwa yule aliyebaki sebuleni, ambaye hasikii maneno, anasikia tu kwamba wananong'ona. Mpe yeye tukio hilo. Tukae na hofu yake dakika nzima.

Bastola ya ukurasa wa 61 itupe mtoni, iende na daraja. Mwenye bastola hahitaji tena kukisia wenzake wanawaza nini, na filamu yako imesimama juu ya kukisia. Zaidi ya hapo, bastola ya filamu ya bajeti yetu itaonekana kama ya mtoto, unajua.

Uliniuliza kuhusu chumba kimoja, kama watu hawatachoka. Hawatachoka na chumba, watachoka kama chumba hakibadiliki. Vincenzo Natali alipotengeneza *Cube* mwaka 1997, hadithi ya watu wasiojuana wanaozinduka ndani ya vyumba visivyo na mwisho, alijenga chumba kimoja kamili tu akawa anabadili rangi za kuta. Wewe rangi huhitaji, una taa ya mafuta. Mwanzoni inamulika hadi pembeni kabisa. Kadiri mafuta yanavyopungua, mwanga unarudi mezani, na vile vyombo vya ukutani vinamezwa kimoja kimoja. Na kwa kuwa mahali ni pamoja, piga matukio kwa mpangilio wa hadithi, la kwanza hadi la mwisho. Wenye fedha na maeneo ishirini hawana anasa hiyo. Waigizaji wako watachoka kweli, ndevu zitaota kweli, na utawasikia sauti zikikwaruza kweli ukifika siku ya tisa.

Kuna ujanja mwingine ningeuiba bila haya. James Ward Byrkit alipiga *Coherence*, iliyotoka 2013, nyumbani kwake kwa siku tano, na badala ya skripti kamili kila mwigizaji alikuwa akipewa maandishi yake mwenyewe ya siku hiyo, asijue wenzake wameambiwa nini. Wewe skripti unayo, na usiitupe. Lakini mwite kila mmoja faraghani kabla hujaanza, umwambie ana nini mfukoni na anaogopa nini, kisha uwakataze kuambiana. Utashangaa macho yao yatakavyofanya kazi.

Sasa niingie kwenye eneo langu, la sauti, na hapa sikuombi, nakuamuru. Mvua ya kweli kwenye bati usiitegemee. Itakula maneno yote, na kwenye kamera haitaonekana vizuri mpaka uimulike kwa nyuma. Rekodi mazungumzo siku kavu, madirisha yakiwa yamefunikwa kitambaa cheusi ili hata saa nane mchana iwe usiku, mvua nitaipandikiza mimi baadaye. Jenereta likae mbali, mbali kweli, si "nyuma ya ukuta" kama mara ile. Na kila mkimaliza pembe moja ya kamera, wote mnyamaze nusu dakika nirekodi ukimya wa chumba. Najua mnachukia. Bila ukimya huo, kila ninapokata sauti patabaki shimo, na mtazamaji hatajua kimemkwaza nini.

Tena mvua yako isinyeshe mwanzo hadi mwisho. Nipe mahali pa kuikata ghafla. Unakumbuka lile basi la *Cat People*, 1942? Mwanamke anatembea usiku, visigino vyake vinagonga barabara, nyuma yake vya mwingine, halafu vile vya nyuma vinanyamaza. Anakimbia. Tunangoja mnyama, na kinachoingia kwa mfyonzo mkali ni basi limefika kituoni. Mtayarishaji Val Lewton na mwongozaji Jacques Tourneur hawakuwa na fedha ya kutuonyesha mnyama pale, wakatupa breki, na hadi leo watu wa fani wanauita ujanja huo "basi". Kwetu iwe mvua. Inaponyamaza, kwa mara ya kwanza wote watatu wanasikiana wakipumua, na mmoja wao alikuwa katikati ya sentensi ambayo hakukusudia isikike.

Mwisho wa hadithi sijaugusa, makusudi. Ukimrekebisha Mgeni wa Kwanza, huo mwisho ulionao utaanguka wenyewe, na itabidi uutafute mwingine. Usinilaumu. Tarehe zako nimeziweka, kinasa sauti nimekipeleka kufanyiwa matengenezo, nitakuja hata kama malipo ni yale yale ya mara iliyopita, yaani hakuna.

Kabla hujaandika upya chochote, nijibu kitu kimoja tu. Anapobisha hodi kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika nini?

Wako,
mwenye bisibisi

N.B. Kadi ya jina la filamu iangalie kwa macho yako mwenyewe kabla haijatoka. Ile ya Romero ilibadilishwa jina dakika za mwisho, na ile alama ya hakimiliki iliyokuwa pamoja na jina la zamani haikurudishwa. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule filamu ikawa mali ya kila mtu, wakabaki wanatazama wengine wakiiuza. Wewe na jina lako la tatu ndani ya wiki mbili, unanitia wasiwasi.