Lile Datsun chini ya mfenesi

Chumbageni, Tanga
Jumapili usiku

Ndugu yangu Hamadi,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, alhamdulillah. Najua nimekuwa kimya tangu Idi na una haki ya kununa, lakini nuna baadaye. Nina jambo linaninyima usingizi na siwezi kumwambia mtu wa hapa, maana mtu wa hapa ataamka alfajiri kabla yangu.

Unalikumbuka Datsun la marehemu mzee? Lile jekundu lenye boneti ndefu, tulilokuwa tukitoroka chuoni ili tulisikie tu likinguruma? Basi lipo. Liko uani kwa Bi Mkubwa chini ya mfenesi, limefunikwa turubai, na kiti cha abiria kuna kuku anaatamia.

Bi Mkubwa aliniita nimtafutie mtu wa skrepa. Wawili wameshapita, wa mwisho kafika laki sita. Yeye anataka milioni moja aezeke jiko. Nikafunua turubai niangalie tu kama kuna chuma cha maana. Hamadi, ni 240Z, lile la spoti! Namba ya chesisi inaanza na HS30, yaani ya usukani wa kulia. Kuna kibati ndani ya boneti kimeandikwa namba ya injini, L24. Nikachukua msasa, nikasugua ubavuni mwa bloki taratibu kama mtu anayeamsha mtoto. Namba zikalingana. Injini ni ile ile iliyotoka nayo Japani, silinda sita, haijabadilishwa. Kabureta zilikuwa mbili, sasa iko moja. Namshuku Kipara na wewe unajua kwa nini.

Hili ndilo gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 kwa Herrmann na Schüller, likarudia 1973 kwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Mzee hakulinunua kwa bahati mbaya, yule alikuwa na wazimu wake. Na bei, subiri ukae chini: mwaka 2020 Marekani, 240Z ya 1971 ilipigwa mnada ikafika dola 310,000. Likiwa jipya kule lilianzia dola 3,526.

Lakini usianze kuota. Lile la mnada lilikuwa limetembea kidogo tu, rangi ya kiwandani, limetunzwa kama mwali. Hili letu limekula chumvi ya bahari miaka yote hii. Chini ya betri bati limeliwa na asidi. Sakafu upande wa dereva nimeona mchanga wa uani. Nikagonga bati la juu ya tairi la nyuma kwa kidole, likalia pu, pu. Puti tupu, si bati tena! Kutu ndiyo inayoua bei ya haya magari, injini unaweza kuiunda upya.

Na kabla sijasahau, ile Toyota Altezza yako uliyoniuliza kama uiuze: uza. Usinitukane. Yako ni AS200, injini ya 1G-FE, otomatiki, na taa za nyuma umebandika za dukani. Ingekuwa RS200, ile ya spoti zaidi, yenye injini ya 3S-GE na gia sita za mkono, haijachezewa, ningekwambia na wewe uifunike turubai. Gari la spoti linashuka bei miaka na miaka, vijana wanalipiga rangi, wanabadilisha injini, wanalibamiza kwenye nguzo. Yakibaki machache yasiyoguswa, yule aliyelitamani akiwa mwanafunzi ameshakuwa mtu mwenye hela zake, bei inapanda. Na Wamarekani wana sheria yao, gari likitimiza miaka 25 wanaliingiza bila yale masharti ya usalama, basi wanakwenda Japani kuzoa. Ya kwako hawaizoi.

Turudi uani. Milioni moja ninayo, Hamadi. Nikimpa kesho atanishukuru na kuniombea dua, na hakuna atakayejua. Hapo ndipo usingizi unapokatika. Ramadhani ngapi tumefuturu kwake mimi na wewe? Juzi nilipomaliza kusugua ile namba aliniletea uji wa pilipili manga, akaniuliza, "Mwanangu, kuna hata kilo mia tano hapo?" Nikamjibu sijui. Nimemdanganya mama wa watu na kikombe chake mkononi.

Nilichofikiria ni hiki: tumwambie ukweli, mimi na wewe tumpe hela ya bati sasa hivi, gari tulihamishie kwangu penye paa, kisha likiuzwa... hapo sijajua tugawane vipi. Kadi bado ina jina la marehemu, na mirathi haikufunguliwa kwa sababu wale warithi wa Muscat hawajibu simu. Wakisikia dola watajibu.

Sasa nijibu upesi. Una milioni na nusu ambayo shemeji haijui? Yule jamaa yako wa gereji ya Kariakoo, bado anajua magari ya zamani au siku hizi ni Noah tu? Anaweza kuja Tanga alikague kabla hatujasema lolote? Na wewe ungekuwa ndiye uliyeshika kile kikombe cha uji, ungemwambia palepale? Au ungenywa kwanza?

Yule kuku ana mayai tisa. Nimemwambia Bi Mkubwa tusiliguse gari mpaka yaanguliwe, kwa hiyo tuna wiki mbili hivi.

Wako,
Abdi