Nyangumi, Pomboo na Kasa wa Kisite: Chagua Msimu Kwanza

Swali tunaloulizwa zaidi katika ofisi yetu hapa Nairobi ni hili: nikilipia safari ya boti ya Kisite, nitamwona nyangumi? Nasi huuliza kwanza: unaenda mwezi gani? Aliyezoea kuingia Mbuga ya Nairobi alfajiri na kutoka na picha za twiga hudhani tunamzungusha. La hasha. Inatuuma mtu anapojibana miezi kadhaa, akapanda treni mpaka Miritini, stesheni ya Mombasa, akafika Shimoni, kijiji zinakoondokea boti, mwezi wa Januari kumtafuta mnyama ambaye wakati huo yuko Antaktika.

Hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti iko kusini mwa kisiwa cha Wasini, karibu na mpaka wa Tanzania, na husimamiwa na KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Nyangumi wenye nundu hupita pwani yetu kuanzia Julai hadi Septemba, wengine Oktoba. Hutoka kwenye baridi ya kusini, wanakojilisha, wakaja kuzaa na kulea ndama katika maji yenye joto. Tatizo ni kwamba huo ndio wakati wa kusi, upepo utokao kusini. Upepo una nguvu, mawimbi yanainuka, na boti hurushwarushwa. Kaskazi, upepo utokao kaskazini, ikiingia, kuanzia Novemba hivi hadi Machi, bahari hutulia na maji huwa maangavu, unaona matumbawe na samaki vizuri. Lakini nyangumi wamekwenda zao. Kwa hiyo amua: nyangumi au kuogelea kwenye maji matulivu? Ukitulazimisha tukuchagulie mwezi mmoja wa kubahatisha vyote viwili, tutakuambia Oktoba, kusi inapolegea, ila hapo nyangumi ni wa bahati kwelikweli.

Pomboo ni habari nyingine. Wapo mwaka mzima, na hao ndio tunaowatarajia zaidi katika kila safari. Mwombe kiongozi wenu akuonyeshe pezi la mgongoni. Pomboo wengi wana mikato na makovu yao kwenye ukingo wa pezi, na watafiti huwatambua mmoja mmoja kwa picha za alama hizo. Kasa naye hujitokeza kichwa tu, akavuta pumzi na kuzama tena. Ukiwa umeinamia simu, umemkosa.

Nyangumi humtafuti kwa kuangalia karibu na boti. Tazama mbali, pale mbingu na bahari zinapokutana, utafute mvuke mweupe unaoruka ghafla na kupotea. Hiyo ni pumzi yake. Akizama, mkia huacha duara la maji laini juu ya mawimbi, kana kwamba mtu amemwaga mafuta. Hapo nahodha mzuri hupunguza mwendo na kungoja. Huenda mkangoja dakika kumi, kumi na tano, bila kitu. Tafadhali msimshinikize awashe mashine amfukuzie. Mama mwenye ndama akisumbuliwa huhama, na ndama bado anahitaji kunyonya na kupumzika. Manahodha tunaofanya nao kazi tumewaomba wakae umbali wa mita 100 au zaidi, na kamwe wasimkatie njia. Mteja akidai arudishiwe pesa kwa sababu hatukumkaribia nyangumi, hatutamrudishia. Hilo tunalisema kabla hujalipa.

Kuhusu safari yenyewe, boti huondoka asubuhi, kwa hiyo usipange kushuka kwenye treni na kupanda boti siku hiyo hiyo. Lala Diani au Shimoni kwenyewe. Siku hizi ukipita barabara ya Dongo Kundu huhitaji feri ya Likoni. Anayelevywa na bahari anywe dawa kabla ya kupanda, maana ukishaanza kutapika imechelewa. Wakati wa kusi, mwenye mimba au mgongo mbovu tunamshauri asubiri kaskazi. Beba kofia yenye kamba, shati la mikono mirefu na darubini kama unayo. Jaketi la kuokolea utapewa, na utalivaa hata kama unajua kuogelea.

Ukituandikia, tutajie mwezi, idadi ya watoto na umri wao, nani hajui kuogelea, na mnyama unayetamani kumwona kuliko wote. Kama mwezi uliouchagua si wake, tutakwambia mapema, hata kama maana yake ni kukukosa mwaka huu.